Nimekulia Argentina

Lipo swali moja ambalo katika jiji hili la Dar es Salaam huulizwa kwa tabasamu, na ambalo mimi hulijibu kwa jasho: "Kwani wewe umekulia wapi?" Anayeliuliza hana haja na utoto wangu. Anataka kujua iwapo aendelee kuuacha mkoba wake mezani.

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu la heshima. Nilisema "Kinondoni", na sikusema uongo, kwa sababu Manzese ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni sawa na Masaki na Oysterbay. Na kama msikilizaji aliamua mwenyewe kunidhania mtoto wa geti kali, aliyepelekwa shule kwa gari na kula mayai siku ambayo hata si sikukuu, hilo lilikuwa shauri lake. Mwaka 2016 Serikali ikaimega Kinondoni, ikaanzisha Wilaya ya Ubungo, na Manzese ikapelekwa huko bila mtu kuniuliza. Wenzangu wa Tandale, ambao tulichota nao maji kwenye bomba moja na kukimbizwa na mbwa mmoja, walibaki Kinondoni, na hadi leo hulitamka jina hilo taratibu, kama watu wanaoonja pilau.

Basi nikaanza kusema kweli. Juzijuzi ofisini tuliunda kamati ya harusi ya mwenzetu, na mimi nikapendekezwa kuwa mweka hazina. Dada mmoja, mtu mwema kabisa, akauliza lile swali. Nilipojibu "Manzese" kikapita kimya kifupi, kisha akasema kwa sauti ya kutoa pole, "Jamani, lakini hufanani!" Neno hilo limeninyima usingizi siku nne. Watu wa Manzese wanafananaje? Nilijitazama hata kwenye kioo cha chooni, sikuona alama yoyote ya kata. Mwishowe nilipewa kazi ya kuandika mahudhurio, na fedha akakabidhiwa kijana wa Mbezi Beach ambaye ninamdai shilingi elfu ishirini tangu Pasaka.

Laiti wangejua malezi ya uswahilini! Kwetu, ukimpita mzee bila kumwamkia, habari hufika kwa mama kabla yako. Jirani hukuchapa kwa kukosa adabu, na mama hukuchapa tena kwa kumchosha jirani. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita, familia sita na choo kimoja. Aliyeweza kuishi kwa amani na foleni ya choo hicho saa kumi na mbili asubuhi, kwa maoni yangu, anafaa kupewa hata wizara, achilia mbali michango ya harusi.

Ubaya ni kwamba mgawanyo wenyewe tuliurithi. Waingereza waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na kwa ujanja wao kanuni zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa badala ya rangi ya mtu. Eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi katikati, nadhani ili harufu ya dagaa wetu isivuke. Wenyewe waliondoka mwaka 1961. Mpaka wao tunaulinda sisi, tena bila mshahara.

Nasema "sisi" kwa sababu sijitii utakatifu. Mwezi uliopita alikuja kijana nadhifu kupanga chumba changu kimoja kule Kimara, akiwa na kodi ya miezi sita mkononi, akaniambia amekulia Mbagala. Mkono wangu, bila kutumwa na mtu, ukaenda mfukoni kushika simu.

Siku ya harusi ilipofika nilikuwa nimejiandaa. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi, aliyevaa suti ya vipande vitatu katika joto lile, aliniuliza nimekulia wapi, nami nikajibu kwa utulivu, "Argentina." Abiria yeyote wa mabasi ya mwendokasi anajua kwamba Argentina ni kituo cha Manzese, mbele ya Mwembechai na Kagera ukitokea mjini, lakini mzee hakuwa abiria wa mwendokasi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanikaribisha meza ya mbele kando ya mkewe, akataka kujua kama niliwahi kumwona Messi. Nilimjibu kwa unyenyekevu kwamba kwao na kwetu ni mbali kidogo.

Nilikuwa katikati ya kueleza hali ya hewa ya huko, ambayo sikuona sababu ya kuidanganya, kwani kweli kuna vumbi kiangazi na mafuriko masika, mara mhudumu aliyebeba sinia la nyama akasimama, akanikazia macho, akapaza sauti hadi mwanamuziki akageuka: "Mwanangu wa Manzese! Si tulikuwa wote pale Tip Top?" Akaniwekea vipande vitatu vya ziada kwa furaha, huku mzee akinyoosha mkono taratibu na kuuhamishia mkoba wa mkewe upande wa pili.