Sisi wa Chumba Kimoja Tunahitaji Hedifoni Zilizofungwa

Kijana anayepanga mlango wa tatu kutoka kwangu hapa Namuwongo, Kampala, alijinyima muda mrefu, akanunua hedifoni za maana, na hata wiki haikuisha akaziuza kwa hasara. Hazikuwa feki wala hazikuharibika. Alikuwa amefuata ule ushauri unaorudiwa kila unakoulizia: kama unasikiliza muziki nyumbani, chukua za mgongo wazi, zenye wavu nyuma ya kikombe; zilizofungwa, zenye kikombe kilichozibwa, waachie watu wa studio.

Kabla ya kuziuza alinibishia hodi. "Dada, hebu zivae kidogo, labda mimi ndiye sijui kuzitumia." Nikavaa. Gitaa la rumba lilikuwa limetulia vizuri upande wa kushoto, na katikati ya hilo gitaa nikamsikia mdogo wake akifunua kurasa za daftari. Mdogo wake ni mtahiniwa wa S.4, kidato cha nne. Wanalala chumba hicho kimoja, na meza ya mtoto ya kusomea ni ukingo wa kitanda. Nikamuuliza huyo mtoto kama muziki unamfikia. Hakunijibu, akaanza kuimba kiitikio cha wimbo niliokuwa nausikiliza, neno kwa neno.

Nina hasira, na hasira yangu haimhusu kijana. Inawahusu wanaotoa ushauri wa vifaa vya muziki kana kwamba kila mtu ana nyumba yake peke yake, ndani ya ua wake, juu ya kilima cha Muyenga. Kilima hicho tunakiona kutoka huku chini. Kule mtu akifunga dirisha, kelele zinabaki nje. Huku ukifunga dirisha unaongeza joto tu. Treni inapita karibu na milango yetu ikipiga honi. Jirani wa kulia ana televisheni, wa kushoto ana mtoto mchanga, na kuta zinazotutenganisha hazikufikishwa kwenye bati, kwa hiyo hata kikohozi cha chumba cha mwisho tunakigawana. Ikifika jioni baa inajaribu spika zake, umeme ukikatika jenereta inachukua zamu, na mvua ikishuka juu ya mabati, mtu aliyekaa kando yako lazima apaze sauti ndipo umwelewe. Kanuni za kelele tunazo tangu 2003, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ndio wenye kazi ya kuzisimamia. Sawa. Mimi nataka kusikiliza muziki leo usiku.

Sasa tazama hizi hedifoni zinavyofanya kazi. Kiwambo kilichomo ndani kinasukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja. Sauti ya mbele inaingia sikioni, ile ya nyuma lazima ipate pa kwenda. Kwenye za mgongo wazi, nyuma ya kikombe kuna wavu, sauti inatoka zake nje, na kupitia wavu huohuo kelele za mtaa zinaingia. Kwenye zilizofungwa kikombe kimezibwa. Sauti inabaki ndani, kelele nyingi zinabaki nje.

Studio zilichagua zilizofungwa kwa sababu nyepesi kabisa. Mwimbaji akisimama mbele ya maikrofoni, ala anazisikia kwenye hedifoni. Zikivuja, maikrofoni inazinasa na rekodi inachafuka. Mpiga ngoma naye anazihitaji ili awasikie wenzake licha ya ngoma zake mwenyewe. Beyerdynamic, Wajerumani wa Heilbronn, wana toleo la wapiga ngoma, DT 770 M, ambalo wao wanasema linapunguza kelele za nje kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 35. DT 770 Pro ya kawaida wanaiandikia kama 18, na Sennheiser wanataja hadi 32 kwa HD 280 Pro yao. Haya, niambieni: mwimbaji asiyetaka sauti ivuje, mpiga ngoma asiyetaka kelele ziingie, na ndugu wawili wenye chumba kimoja, mmoja anasoma na mwingine anasikiliza muziki, shida yao inatofautiana wapi? Aliyesema zilizofungwa ni za studio tu hajawahi kulala kwenye vyumba vya mstari.

Lakini kilichonifanya nikae kuandika ni masikio.

Mtu akiwa na hedifoni za mgongo wazi penye kelele hafanyi chochote cha ajabu, anaongeza sauti. Baa ikipandisha, naye anapandisha. Mvua ikianza, anapandisha tena, na mvua ikikatika hakumbuki kushusha, kwa sababu sikio limeshazoea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Akifika desibeli 90, zile saa 40 zinabaki 4. Saa nne za wiki nzima! Kijana anayesikiliza kila usiku hadi alale anazimaliza siku mbili za kwanza, na zilizobaki anazilipia masikio yake. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa haziuguzwi wala hazioti tena. Mjomba wangu alifanya kazi kwenye vinu vya mahindi kule Kisenyi miaka mingi, bila cha kuziba masikio. Leo kwenye harusi anakaa mwisho wa meza akitabasamu, kwa sababu amechoka kuuliza "umesemaje?" Yeye hakuwa na la kuchagua, ilikuwa riziki. Sisi tunachagua wenyewe, tena kwa pesa yetu, halafu wanakuja watu kutuelekeza tununue kifaa kinachotulazimisha kushindana na jenereta.

Hedifoni zilizofungwa zinakuruhusu ushushe sauti. Kelele zikipungua hata desibeli 15, muziki uliokuwa unauhitaji kwa nguvu unakutosha kwa kiasi cha chini, na bado unamsikia mpiga besi akibadilisha nota. Ni kweli ukitaka kujiumiza utajiumiza hata na hizo. Na ni kweli plastiki na sponji zinazuia vizuri zaidi sauti nyembamba, maongezi, televisheni, vyombo vinavyogongana, kuliko ule mngurumo mzito wa jenereta na besi ya baa. Mngurumo utausikia kwa mbali. Wale wa hedifoni za Bluetooth zinazofuta kelele kwa umeme watasema zao zinaumudu mngurumo, na hapo wana haki. Ila zao zinaishi kwa betri, na betri ikichoka, kwa baadhi ya hizo, umebaki na pambo. Sony MDR-7506 ilitoka 1991 na hadi leo inauzwa, na sponji zake zinapatikana. Waya ukikatika, fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaulehemu na maisha yanaendelea.

Nawapa wa mgongo wazi haki yao moja, ingawa sitaki. Muziki wenye watu wengi unapumua zaidi kwao. Bendi kama Afrigo ya hapa Uganda, iliyo jukwaani tangu 1975, ina saksofoni, magitaa, vinanda na waimbaji, na kwenye hedifoni nzuri za mgongo wazi kila mmoja unamwona alipokaa. Kwenye zilizofungwa wanasogeleana, kwa sababu ile sauti ya nyuma inagonga ukuta wa kikombe na kurudi. Watengenezaji wazuri wanaweka vitu vya kunyonya sauti ndani ili kupunguza hilo, na hawalimalizi. Mwenye nyumba tulivu anunue za wazi, afurahi. Mimi nazungumza na wenzangu.

Wenzangu wa kike hasa nina neno nao, maana kwenye makala za hedifoni silioni. Hedifoni zilizofungwa zinategemea sponji kukumbatia sikio pande zote bila mwanya. Palipo na mwanya, besi inatoka kupitia hapo, na kinachobaki ni sauti nyembamba kama ya redio ndogo. Ukivaa hijabu, kitambaa kinakaa kati ya sponji na ngozi. Ukisuka rasta nene zinazopita juu ya sikio, mwanya upo. Miwani yenye mikono minene ni hivyohivyo. Kisha mtu anasema hedifoni ni mbovu. Jipime hivi: weka wimbo wenye besi inayotembea mfululizo, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka sana ulipobonyeza, kuna mahali panavuja. Mimi nikiwa ndani na mlango umefungwa navua mtandio. Nikiwa kibarazani nauvuta nyuma ya masikio na kuvaa hedifoni juu ya ngozi, kisha nafunika kila kitu kwa mtandio wa pili mwepesi. Inachukua muda kidogo, na tofauti yake unaisikia mara moja. Rasta zirudishwe nyuma ya sikio kabla ya kuvaa.

Sponji zenyewe ziko za aina mbili. Za ngozi ya bandia zinaziba vizuri zaidi, ila chini ya bati saa nane mchana utatokwa jasho, na baada ya muda zinabambuka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni. Za kitambaa laini, kama zilizo kwenye DT 770 Pro ya omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), unavaa jioni nzima bila kuchoka.

Mnaniuliza kila mara ninunue ipi. MDR-7506 ndiyo ninayotumia mimi, kwa sababu napenda taarabu na kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda wa gitaa na masimulizi, muziki ambao ukikosa maneno umekosa kila kitu, na hii inaleta sauti ya mwimbaji mbele kabisa. Waya wake umejikunja, hauchomoki, na zeze au fidla zilizorekodiwa kwa ukali zitakukwaruza. Audio-Technica ATH-M50x ina besi ya kutosha kwa wapenzi wa dansi na waya unaochomoka, na kwenye boksi zinakuja nyaya tatu. AKG K371 ya 2019 imefuata utafiti wa kampuni ya Harman kuhusu sauti ambayo wasikilizaji wengi wanaipenda, na kwa masikio yangu imesawazishwa vizuri kuliko zote hizi. DT 770 inastarehesha kichwa lakini sauti zake za juu ni kali, matoazi yanaweza kuchoma. Kijana wa mlango wa tatu nilimwambia atafute HD 280 Pro. Inabana kichwa, na huko kubana ndiko kunakozuia kelele. Besi yake ni ya kiasi. Kwa chumba chenye mtahiniwa, kwanza mtoto asome.

Omu: kama unachomeka kwenye simu au kompyuta ndogo, kaa kati ya 32 na 80. DT 770 Pro ya omu 250 ni nzuri kwa mwenye amplifaya, ila kwenye simu itakunong'oneza tu. Simu yako kama haina tundu la pini, nunua adapta nzuri ya USB-C, si ile ya kuokota barabarani.

Usijisumbue na mafaili makubwa yasiyobanwa. Tangu 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bei yake, na wimbo uliobanwa wa kilobiti 320 kwa sekunde kwenye hedifoni nzuri zinazoyaziba masikio vizuri utakupa raha yote unayoitafuta. Pesa ya data iwekee sponji za akiba.

Na neno "studio" lililochapishwa kwenye boksi lisikutishe wala lisikuvute. Limo hata kwenye za bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai.

Wenye maduka ya mjini, nanyi nina ombi kwenu, na naliomba kwa moyo wote. Acheni kuuza hedifoni zikiwa zimefungwa kwenye boksi la nailoni na maneno ya "ukifungua umenunua". Pea moja tu ya kila aina iwe ya kujaribia, sponji zake zipanguswe kila baada ya mtu. Duka lenu liko kando ya barabara, teksi zinapiga honi, makanga wanaita abiria, na hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote ya kupimia hedifoni zilizofungwa. Mteja aje na simu yake na nyimbo zake, avae, ajibonyeze vikombe, asikilize mpaka aridhike, ndipo mzungumze bei.