Siku Tisini Kabla ya Mkataba Kuisha

Mkataba wa pango unapokaribia kuisha, mpangaji wa Mwanza hubaki na maswali mawili ambayo karatasi aliyosaini haiyajibu: nitaendelea kukaa, na kwa kodi ipi? Mjadala kuhusu maswali hayo umepotoka kwa muda mrefu, kwa sababu anayetaka mpangaji alindwe hudhaniwa kuwa anadai nyumba ya bei rahisi. Papo hapo huibuliwa Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyofutwa mwaka 2005, kana kwamba kufutwa kwake kulimaliza kila jambo. Wapangaji ninaozungumza nao, kuanzia Nyakato hadi Buhongwa, wanaanza na lalamiko jingine. Wanalalamikia muda mfupi wa taarifa wanayopewa kabla ya mkataba kuisha.

Wenye nyumba wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Mwenye nyumba wa kawaida hapa kwetu ni mstaafu, ni mjane, ni mwalimu aliyejenga vyumba vinne Buswelu kwa kununua saruji na mabati kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila mkopo wa benki, na kodi ya miezi sita anayoipokea kwa mkupuo ndiyo mtaji wa kuezeka chumba kinachofuata. Anamwogopa mpangaji atakayekaa bila kulipa, akijua kwamba shauri la kumtoa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linaweza kuchukua muda mrefu kuliko mkataba wenyewe. Akibanwa na masharti mengi, atawapangisha ndugu tu, au atavigeuza vyumba hivyo kuwa fremu za biashara. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siiiti tamaa.

Lakini hoja yake nyingine, kwamba asiyeiweza kodi mpya atafute nyumba kwingine, inafaa ipimwe kwa hesabu. Tuchukue familia inayolipa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa nyumba ya vyumba viwili Buzuruga, miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,200,000. Wiki mbili kabla ya mkataba kuisha wanaambiwa kwamba kodi sasa ni 250,000. Wakikubali, watatafuta 1,500,000. Wakikataa na kubahatika kupata nyumba kama hiyo kwa 220,000, watalipa 1,320,000 za miezi sita, na dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, 220,000 nyingine. Jumla ni 1,540,000, kabla ya gari la kubeba vyombo. Nyumba iliyo nafuu kwa shilingi 30,000 kila mwezi inawagharimu zaidi siku ya kuingia kuliko ile wanayoikimbia.

Hesabu hii hunirudia kila ninaposikia ikisemwa kwamba soko liachwe liamue. Inaonyesha kwamba kodi inaweza kupandishwa juu ya bei ya mtaa, na mpangaji mwenye akili timamu bado akaikubali, kwa kuwa anazilinganisha gharama za kubaki na gharama za kuhama ndani ya siku kumi na nne. Na mkataba ukiisha mwishoni mwa Desemba, fedha hizo zinadaiwa wakati uleule ambao sare, madaftari na michango ya shule vinasubiri, na ndipo watu wanapokopa kwa riba wasiyoimudu ili wasitolewe vyombo nje.

Sasa tuipe familia hiyohiyo taarifa ya miezi mitatu. Wataweza kuweka 100,000 kila mwezi hadi itimie ile nyongeza ya 300,000, au wataweza kuzunguka wenyewe mtaa kwa mtaa hadi wapate nyumba bila dalali, na hapo kuhama kutagharimu 1,320,000 na nauli ya gari. Mwenye nyumba hajazuiwa kutaja kodi anayoitaka. Mpangaji naye amepata uwezo wa kukataa, na mwenye nyumba akilijua hilo atafikiri mara mbili kabla ya kuitaja 250,000.

Wafanyabiashara wetu wa Makoroboi wanaofuata bidhaa Dubai wanaujua mji ule kuwa ni wa biashara kabla ya jambo lolote, na huko pia kodi hulipwa kwa hundi za miezi mingi kwa pamoja. Hata hivyo, sheria ya pango ya Dubai ya mwaka 2007, iliyorekebishwa mwaka 2008, inamtaka anayekusudia kubadili sharti lolote la mkataba, kodi ikiwemo, amjulishe mwenzake angalau siku 90 kabla ya mkataba kuisha, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Mwenye nyumba anayeitaka nyumba yake mkataba uishapo, kwa mfano ili aiuze au akae mwenyewe, anatakiwa kutoa notisi ya miezi 12 na kuipitisha kwa mthibitishaji wa hati au kwa barua ya rejista. Amri ya mwaka 2013 imeongeza ukomo wa nyongeza: kodi iliyo chini ya wastani wa eneo kwa asilimia 10 au pungufu haipandishwi, na nyongeza ya juu kabisa ni asilimia 20, kwa nyumba ambazo kodi yake iko chini ya wastani kwa zaidi ya asilimia 40. Majengo hayajaacha kuinuka Dubai kwa sababu ya sheria hizo.

Anayepinga atanielekeza Berlin, na ana haki. Mwaka 2020 jiji hilo lilizizuia kodi za nyumba nyingi zisipande, matangazo ya nyumba za kupanga yakapungua sana, na Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaibatilisha sheria hiyo kwa kuwa Berlin, ambayo pia ni jimbo, haikuwa na mamlaka ya kuitunga. Funzo hilo nalipokea, lakini linahusu kugandisha bei. Notisi ambayo mwenye nyumba wa Ujerumani hutakiwa kumpa mpangaji, miezi mitatu, kisha sita baada ya miaka mitano ya ukaazi, kisha tisa baada ya minane, ilikuwepo kabla ya sheria ya Berlin na ikaendelea baada yake. Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilichagua ukomo mwaka 2022 na kuweka asilimia 10 kwa mwaka. Mimi ningeanza na notisi, kwa kuwa haimnyang'anyi mwenye nyumba hata shilingi moja ya kodi.

Wala hatuhitaji kulisubiri Bunge. Fomu za mkataba zinazouzwa kwenye maduka ya steshenari hapa mjini zina nafasi ya majina, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mara nyingi mwenyekiti wa mtaa hugonga muhuri chini yake. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa kuhuisha mkataba: atakayetaka kubadili kodi, kuitaka nyumba au kuondoka, atoe taarifa ya maandishi siku 90 kabla. Sharti hilo linambana mpangaji pia, na mwalimu wa Buswelu ambaye mkataba wake na mpangaji unaisha Desemba angejua tangu mwanzoni mwa Oktoba iwapo chumba chake kitabaki kitupu mwezi Januari.