Mtaji Ulioliwa na Kafyu

Kafyu ya kuzuia korona ilipoanza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, mfanyakazi wa ofisini alitakiwa kufika nyumbani mapema kidogo tu. Kwa mama mmoja wa mtaani kwetu hapa pwani, anayekaanga viazi vya karai na bhajia kwenye njia panda, saa zilizofungwa ndizo zilikuwa saa zake za kazi. Alikuwa akiwasha jiko la mkaa baada ya alasiri, mteja wa kwanza akifika karibu na magharibi, na pilikapilika zenyewe zikianza baada ya isha, vijana wanapotoka mpirani na mafundi wanaposhuka matatuni. Saa 4 usiku, karai likiteremshwa, alikuwa amekwisha kutenga fedha za viazi vya kesho.

Mtaji wake haukuzidi shilingi 6,000. Ulikuwa ni nusu gunia la viazi, dumu la mafuta, unga wa dengu, ukwaju, pilipili na debe la mkaa, na fedha za kila siku zililala usiku mmoja tu: jioni ni viazi, usiku ni fedha, asubuhi zinarudi sokoni. Biashara ya namna hii haina akiba nyuma yake, na ikisimama, mtaji haukai ukaingoja. Unaingia jikoni pamoja na watoto. Alijaribu kukaanga saa 9 mchana, lakini ni nani atakayekula viazi vya karai juani? Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili alipata ahueni kidogo, kwa kuwa watu hununua bhajia za futari kabla ya magharibi. Idi ilipopita, fedha nyingi zilikuwa zimekwenda kwa unga na kodi ya chumba. Mwezi wa Juni kafyu ilisogezwa mbele hadi saa 3 usiku, ila wakati huo hakuwa tena na cha kukaanga.

Sina ugomvi na kafyu yenyewe. Ugonjwa ulikuwa mpya, hospitali zetu tunazijua, na serikali ilipaswa kupunguza mikusanyiko. Hoja yangu ni nyingine. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali, inapotwaa shamba la mtu kwa manufaa ya umma, imlipe fidia ya haki bila kuchelewa. Hakuna anayeiita fidia hiyo sadaka, wala hakuna anayemwambia mwenye shamba akakope benki. Mama wa viazi alitwaliwa saa zake za kuuza, ambazo ndizo shamba lake, kwa manufaa ya umma uleule. Najua kwamba mwanasheria hataniunga mkono katika ulinganisho huu, kwa kuwa saa za kazi si ardhi. Hata hivyo haki iliyo ndani ya kanuni hiyo naiona ni moja, na kwa kuwa hatukuiangalia hivyo tangu mwanzo, msaada mwingi uliofuata ulipita milango ambayo mfanyabiashara mdogo hajawahi kuipita.

Siku mbili kabla ya kafyu, tarehe 25 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hatua za kuwapunguzia wananchi mzigo. Kiwango cha juu cha kodi ya mishahara na kile cha kodi ya kampuni vilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi ukaondolewa kodi kabisa, kodi ya ongezeko la thamani ikatoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo kwa biashara ndogo ikatoka asilimia 3 hadi 1. Ilikuwa hotuba yenye uzito, nami siku ile niliisifu mbele za watu. Niliacha kuisifu nilipokaa na yule mama tukaanza kutafuta ni ipi kati ya hatua hizo iliyomfikia.

Punguzo la kodi humfaa anayelipa kodi, na humfaa zaidi anayelipa nyingi. Mama hana mshahara wala kampuni. Kodi ya mauzo, kwa mujibu wa sheria iliyorekebishwa mwezi wa Aprili mwaka huohuo, inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Anayeuza vitu vya shilingi 2,500 kila siku, kwa siku 360, anafikisha 900,000, kwa hiyo alikuwa halipi kitu na akaendelea kutolipa kitu. Viazi vibichi havitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Palibaki mafuta. Dumu la mafuta la shilingi 3,000, iwapo mwenye duka angelishusha bei kwa punguzo lote la kodi, lingepungua kwa takriban shilingi 50. Sikumbuki kumwona mwenye duka wa mtaani kwetu akibadilisha bei hiyo hata kwa shilingi 10.

Upande wa mikopo mambo yalikuwa yaleyale. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Septemba, aliyechelewesha marejesho hakupelekwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu, ile tunayoiita CRB. Benki nazo, kwa uratibu wa Benki Kuu, ziliwaongezea wakopaji muda, na kufikia mwisho wa mwaka zaidi ya nusu ya mikopo yote ya benki ilikuwa imepangwa upya. Hiyo ilikuwa kazi kubwa na iliokoa biashara nyingi zenye mafaili. Mikopo ya mama wa viazi, hata hivyo, haikuwa ya benki: alidaiwa na muuza viazi wa sokoni, alidaiwa na wenzake wa chama, kile cha kuchangiana fedha kwa zamu, na alikuwa na mkopo mdogo wa simu ambao ujumbe wake wa kumkumbusha ulifika kila asubuhi kabla ya chai. Kusitishwa kwa orodha hakukufuta deni wala riba yake. Kuliahirisha aibu.

Tarehe 23 Mei ulikuja mpango wa pili, wa shilingi bilioni 53.7, na ndani yake biashara ndogo na za kati zilitajwa kwa jina. Bilioni 10 zilitengwa ili kuharakisha marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani na malipo ya wanaoidai serikali. Fedha hizo, jamani, zilikuwa za watu. Kumlipa mwenye duka la vifaa vya ofisi ankara ya mwaka uliopita ni kulipa deni, na nilishangaa kuona deni linavikwa kanzu ya msaada. Bilioni 3 nyingine zilitengwa kuanzisha mfuko wa dhamana ya mikopo, ili benki zisiogope kuwakopesha wadogo. Wazo hilo ni zuri kwa wakati wa kawaida, lakini kanuni zilipoandikwa na makubaliano na benki 7 yakatiwa saini, ilikuwa imefika Desemba. Kutoka Machi hadi Desemba ni miezi tisa. Mtaji wa viazi huliwa kwa wiki tatu.

Hata dhamana hiyo ingefika mapema, bado ningeuliza swali ambalo sikulisikia likiulizwa kwa sauti: kwa nini hasara ikopeshwe? Mkopo ni wa kukuza biashara iliyo wazi, yenye wateja, inayoweza kurudisha kutokana na faida ya kesho. Aliyefungiwa kwa amri hana faida ya kesho. Ukimkopesha ili ale, umeichukua hasara iliyosababishwa na janga la wote ukaiandika kwa jina lake peke yake, na riba juu.

Kuna hatua moja iliyomfikia, nayo haikubuniwa kwa ajili yake. Tangu katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka, kutuma fedha za hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukuwa na ada. Lengo lilikuwa kupunguza kushikashika noti na sarafu. Mama hakujaza fomu, hakupanga foleni, wala hakuulizwa cheti. Wateja wawili watatu waliojua kwake walianza kumtumia shilingi 100 au 150 na kupelekewa viazi nyumbani mchana, kwa mkono wa mwanawe, vikiwa kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani. Haikutosha kuokoa biashara, ila kila nikiikumbuka naona kwamba msaada uliofanya kazi ni ule usiomtaka mtu athibitishe kwamba yupo.

Wapo waliofanya hivyo kwa makusudi. Togo, nchi ambayo hatuna mazoea ya kujilinganisha nayo, ilianzisha mpango wa Novissi tarehe 8 Aprili 2020, siku chache tu baada ya kuwazuia watu wake. Mtu alipiga namba fupi kwenye simu yoyote, hata isiyo na intaneti, akaingiza taarifa za kadi yake ya mpiga kura, na kwa kuwa daftari la wapiga kura la nchi hiyo lina kazi ya kila mtu, mfumo ulimtambua mshonaji, dereva wa bodaboda au muuza sokoni ukamtumia fedha papo hapo. Mwanamke alipata faranga 12,250 kwa mwezi na mwanamume 10,500, kwa mafungu mawili. Wengi waliachwa, kwa sababu mpango ulianzia Lomé na vitongoji vyake na fedha hazikuwa za milele. Lakini mshonaji wa Lomé alipata chakula mwezi ambao muuza viazi wa pwani ya Kenya alikuwa akisikiliza viwango vya kodi redioni.

Sisi ndio tuliokuwa na M-Pesa tangu 2007. Sisi ndio tuliopangwa foleni mwaka 2019 kwa ajili ya Huduma Namba, usajili wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, tukaulizwa majina, alama za vidole na kazi tunazofanya. Mahakama Kuu ililisimamisha zoezi hilo Januari 2020 hadi sheria ya kulinda taarifa iwekwe sawa, na ilikuwa na sababu. Tuache basi Huduma Namba. Yule mama hakuwa mtu asiyejulikana. Kila jioni, kabla mafuta hayajachemka vizuri, mtoza ushuru alisimama mbele ya meza yake na kumkatia risiti. Anazihifadhi. Nilimkuta nazo kwenye mkebe wa majani ya chai, zimefungwa kwa raba mwezi kwa mwezi, kwa sababu siku moja alidaiwa mara mbili na hakuwa na ushahidi. Mkebe ule ni rejesta. Kila risiti inasema kwamba siku fulani, mahali fulani, mtu huyu alikuwa akifanya biashara, na serikali ilimwona.

Hesabu yenyewe si ya kutisha. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 5.85 hazikuwa na leseni. Tuseme kila mojawapo ya hizo zisizo na leseni ingetumiwa shilingi 5,000 mara moja mwezi wa Aprili. Jumla ni shilingi bilioni 29.25, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mpango wa Mei. Takwimu ni za zamani, na biashara nyingine za vijijini hazikuguswa sana na kafyu, kwa hiyo gharama halisi ingeweza kuwa chini ya hapo. Shilingi 5,000 hazimtajirishi mtu. Ni nusu gunia, dumu, unga na mkaa.

Najua pingamizi. Yupo atakayesema fedha zingeibwa, na mwaka uleule tulikuwa na sakata ya Kemsa, mamlaka ya serikali ya kununua dawa na vifaa vya hospitali, ya kututia hofu. Sakata ile lakini ilihusu zabuni za mamilioni kwa watu wachache. Shilingi 5,000 zinazoingia kwenye simu ya mtu mmoja mmoja zinaacha alama, na ukubwa wake haumpi mkubwa yeyote hamu. Atakuwepo pia anayedai kwamba wasiohitaji wangepata. Wangepata. Nakubali kumpa asiyehitaji mmoja kuliko kuwachuja wanane hadi Desemba, hasa ninapokumbuka kwamba punguzo la kodi ya mishahara halikumuuliza mtu yeyote kama analihitaji.

Kwamba jambo hili linawezekana kwa simu, serikali iliyofuata ilithibitisha yenyewe. Tarehe 30 Novemba 2022 Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ilizinduliwa, na watu wakaanza kukopa kuanzia shilingi 500 kwa kupiga namba fupi, bila dhamana, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14 kurejesha. Njia ilikuwepo, basi. Ilipopatikana nia, ilipitishwa mkopo tena, wakati kafyu ilikuwa imekwisha kuondolewa zaidi ya mwaka mmoja nyuma.

Mama wa viazi alirudi njia panda mwezi wa Novemba 2020. Chama kilimpa zamu yake mapema, shilingi 4,000, baada ya mwenzake aliyekuwa mbele yake kukubali kungoja. Mwenzake huyo ni mjane anayeuza mkaa, naye hali yake haikuwa nzuri zaidi. Karai lilikuwa limeshika kutu pembeni, akalisugua kwa mchanga na ndimu asubuhi nzima. Jioni ile nilipita nikamkuta ameinama anapuliza moto, viazi vimepangwa kwenye sinia havijaingia mafutani. Mbele ya meza alikuwepo mtu mmoja tu, mwenye kitabu cha risiti, na kalamu yake ilikuwa tayari mkononi.