Jeshi la Anga: Lijitegemee au Liwe Mkono wa Majeshi Mengine?

Tarehe 1 Aprili 1918 vikosi vya ndege vya wanamaji wa Uingereza vilibadilishiwa namba. Kila kimoja kiliongezewa 200: Kikosi Na. 1 kikawa Na. 201, Na. 8 kikawa 208, na kadhalika. Sababu ilikuwa ya kimakaratasi tu. Siku hiyo ndege za jeshi la nchi kavu na za wanamaji ziliunganishwa kuwa jeshi jipya, Royal Air Force, na namba zingegongana. Lakini rubani aliyelala Machi 31 akiwa mwanamaji aliamka akiwa mtu wa jeshi jingine, lenye wakubwa wake, bajeti yake na fikra zake kuhusu kazi ya ndege vitani. Ubishi kama ule ulikuwa uamuzi wa busara umepita miaka 100 na bado ni mbichi.

Mwaka 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, hakukuwa na cha kubishania. Ndege ilikuwa jicho la jenerali, basi. Mapema Septemba mwaka huo marubani wa Kiingereza na Kifaransa waliliona jeshi la jenerali wa Kijerumani von Kluck likikata kona na kupita mashariki ya Paris, na taarifa hiyo ikasaidia kuandaa mapigano ya Marne, yaliyowazuia Wajerumani kuifikia Paris. Vikosi vya ndege vilipachikwa chini ya majeshi ya ardhini, vikawa vinapiga picha za mahandaki na kuwaelekeza wapiga mizinga kwa redio makombora yao yanaangukia wapi. Hata ndege za kupambana angani zilizaliwa kutokana na kazi hiyo: ukitaka kumpofusha adui, tungua ndege inayokuchungulia.

Kilichobadili mambo ni mabomu juu ya London. Tarehe 13 Juni 1917 ndege za Kijerumani aina ya Gotha zilishambulia mchana kweupe na kuua watu 162. Serikali ikamkabidhi Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyekuwa katika baraza la vita, kazi ya kutafuta dawa. Ripoti yake ya Agosti ilipendekeza jeshi la anga linalojitegemea. Kwa upande mmoja aliona mbali. Kwa upande mwingine alikuwa anazima ugomvi wa nyumbani, maana jeshi la nchi kavu na wanamaji walikuwa wakinyang'anyana injini na ndege.

Tangu hapo watetezi wa uhuru wa jeshi la anga wamekuwa na hoja mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kwamba ndege za mabomu zinaweza kushinda vita peke yake kwa kupiga viwanda na miji ya adui, kwa hiyo haifai ziwe chini ya mtu anayewaza mahandaki. Hugh Trenchard, mkuu wa jeshi la anga la Uingereza, aliishikilia hoja hii miaka yote ya 1920. Marekani, Billy Mitchell, jenerali wa ndege za jeshi la nchi kavu, alizamisha manowari ya Kijerumani Ostfriesland kwa mabomu mwaka 1921. Ilikuwa imetia nanga, haina hata baharia mmoja, lakini ilizama. Miaka minne baadaye alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa kuwashambulia wakubwa wake hadharani.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, hoja hiyo ilipwaya. Agosti 1941 serikali ya Uingereza ilipokea uchambuzi wa picha zilizopigwa na ndege zake za mabomu usiku. Kati ya ndege zilizodai kupiga shabaha Ulaya, moja tu kati ya tatu ilikuwa imefika ndani ya maili tano za shabaha hiyo. Maili tano! Kufikia mwisho wa vita, wanaanga 55,573 wa kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza walikuwa wamekufa. Si kwamba kazi yao haikuzaa kitu: Ujerumani ililazimika kubakiza nyumbani mizinga na ndege ilizozihitaji mno kwingine, na mashambulizi ya mwaka 1944 dhidi ya viwanda vyake vya mafuta yaliiumiza vibaya. Lakini ushindi wa peke yake, ulioahidiwa, haukuonekana.

Hoja ya pili haina mbwembwe, nayo ndiyo yenye uzito. Ndege inaweza kuwa hapa asubuhi na mamia ya kilomita mbali mchana. Ukizigawa kwa makamanda wa ardhini, kila mmoja atazing'ang'ania juu ya kichwa chake, na hazitatosha popote.

Hugh Dowding, mkuu wa kamandi ya ndege za kivita za Uingereza, aliionyesha hoja hii kwa barua ya tarehe 16 Mei 1940. Ufaransa ilikuwa inaporomoka na kila siku iliomba ndege zaidi aina ya Hurricane. Dowding aliikumbusha wizara kwamba makadirio ya ulinzi wa nchi yalikuwa vikosi 52, na kwamba alikuwa amebaki na nguvu ya vikosi 36. Akataka aambiwe kwa maandishi kiwango ambacho hakitapunguzwa tena. Kama vikosi vile vingekuwa mali ya jeshi lililokuwa likipigana Ufaransa, sioni ni kamanda gani angethubutu kuandika barua ya namna hiyo, na miezi michache baadaye anga la Uingereza lingelindwa na nani?

Wamarekani walijifunza hilo kwa uchungu huko Tunisia. Mwanzoni mwa 1943 kila kamanda wa ardhini alitaka ndege zimzungukie siku nzima, na Wajerumani wakawa wanazikuta chache chache na kuzimaliza. Baada ya Wajerumani kuwachapa huko Kasserine mwezi Februari, mfumo ulibadilishwa kwa kufuata ule wa Waingereza wa jangwa la Afrika Kaskazini, ambao kamanda wa ndege alikaa bega kwa bega na kamanda wa ardhini bila kuwa chini yake. Julai mwaka huo jeshi la Marekani likaandika katika mwongozo wake kwamba nguvu za ardhini na za angani ni sawa na zinategemeana. Jeshi lake la anga lilipopata uhuru kamili Septemba 1947, lilikuwa na ushahidi wa kuonyesha.

Wanamaji nao wana kesi yao, na si ndogo. Kwa miaka mingi kati ya vita viwili, ndege za kwenye manowari za Uingereza zilikuwa sehemu ya jeshi la anga, ambalo akili yake ilikuwa kwenye mabomu ya masafa marefu. Uamuzi wa kuzirudisha kwa wanamaji ulipitishwa 1937 na kutekelezwa 1939. Wakati huo ndege yao ya torpido, yaani bomu linalokwenda ndani ya maji kuipiga meli, ilikuwa Swordfish, yenye mabawa ya ghorofa mbili na rubani asiyefunikwa, huku Japani na Marekani, ambazo wanamaji wao waliendelea kumiliki ndege zao, zikiwa na ndege za kisasa za bawa moja. Lawama si ya jeshi la anga peke yake, maana bajeti ilikuwa finyu na wanamaji wenyewe walibadilibadilisha mahitaji yao. Wala si suala la ujuzi: Novemba 1940 Swordfish 21 zilizilemaza manowari tatu kubwa za Italia bandarini Taranto kwa usiku mmoja. Watu walikuwepo. Aliyekosekana ni mwenye mali wa kuwapigania wapate ndege bora.

Mfano wa Atlantiki ni mbaya zaidi. Katikati ya bahari palikuwa na eneo ambalo ndege za pwani hazikulifikia, na nyambizi za Kijerumani zikajifanyia karamu humo. Dawa ilikuwa ndege za mabomu aina ya Liberator zilizoongezewa matangi ya mafuta, na zilizohitajika zilikuwa dazeni chache tu. Lakini wakuu wa ndege za mabomu walipinga kila ndege iliyopelekwa baharini, kwa sababu waliamini kuwa vita vitaamuliwa juu ya Ujerumani. Pengo hilo lilipozibwa, Mei 1943, nyambizi 41 zilipotea kwa mwezi mmoja na adui akaondoka Atlantiki ya kaskazini.

Marekani iliona hatari hiyo ikagawa mali. Wanamaji walibaki na ndege zao, na makubaliano ya 1966 yaliwaachia askari wa nchi kavu helikopta huku jeshi la anga likichukua ndege zao za usafirishaji. Hata hivyo, ndege ya kuwasaidia askari wa miguu, A-10, imekaa mikononi mwa jeshi la anga, ambalo limejaribu kuistaafisha mara kwa mara na kuzuiwa na Kongresi. Sitaki kusema jeshi hilo halina sababu, maana ndege hiyo ni ya polepole na makombora ya siku hizi hayana huruma. Lakini inafahamika kwa nini askari wa ardhini hawaamini wanapoambiwa hivyo.

Wasovieti walikwenda njia nyingine kabisa. Ndege zao zilikuwa chini ya Jeshi Jekundu, ila mwaka 1942 waliacha kuzigawa vipande vipande na kuunda majeshi ya anga, kila moja chini ya kamanda wa eneo zima la mapigano. Walishinda. Gharama yake ni kwamba nguvu yao ya masafa marefu ilibaki dhaifu, na sidhani kama iliwauma sana.

Kwangu mimi kipimo ni aina ya kazi. Kazi inayofanywa kila siku na mwenza yule yule, kama kulinda misafara ya meli au kubeba askari kwa helikopta, apewe mwenza huyo. Kazi inayotaka nguvu ihamishwe haraka kutoka pembe moja hadi nyingine, kama kutawala anga, ibaki mkono mmoja. Uingereza yenyewe iligundua njia ya kati mwaka 1941, ndege za pwani zilipobaki mali ya jeshi la anga huku wanamaji wakiziamuru kikazi. Mpango huo ulisaidia, lakini waliogawa ndege mpya bado walikuwa wengine, ndiyo maana Liberator zilichelewa.

Droni zimelifufua suala hili. Huko Ukraine, askari wa miguu anarusha droni ndogo kutoka handakini kama zamani alivyorusha kombora la mota, na mwaka 2024 nchi hiyo ikaunda tawi la kijeshi linalojitegemea kwa ajili ya mifumo isiyo na rubani. Droni ndogo sioni faida ya kuitoa handakini. Ila mitambo ya kuvuruga mawimbi ya redio haichagui, inaweza kuangusha droni za rafiki sawa na za adui, na vikosi jirani vinarusha kwa mawimbi yale yale. Kupanga nani anatumia wimbi lipi, saa ngapi, hakuwezi kuachiwa kila kamanda wa handaki.