Mbwa wa likizo ufukweni: kamba au uhuru?

Anayesafiri na mbwa wake hadi pwani hukutana na ubishi ule ule karibu kila aendako. Wengine husema ufuo ni mpana na mchanga ni laini, mwache mnyama akimbie. Wengine husema ufuo ni wa watu wote, kwa hiyo mfunge kamba au mwache nyumbani. Kila upande una hoja za kweli. Kinachosahaulika ni kwamba mbwa wa likizo ni mgeni, na mwenyewe ni mgeni vilevile. Hoja nyingi za kutetea uhuru wa mbwa zinamfaa mwenyeji anayeujua ufuo wake. Kwa mtu aliyefika jana zinaanza kupwaya.

Nianze na hoja za uhuru, maana hudharauliwa kuliko zinavyostahili. Mbwa huujua ulimwengu kwa pua. Akifungwa kamba fupi hutembea kwa mwendo wa binadamu, husimama binadamu anaposimama, na harufu iliyo hatua tano pembeni humpita hivihivi. Kukimbia mchangani kunamchosha vizuri kuliko kuzunguka barabarani, na kuogelea kunamsaidia mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo kwa kuwa maji yanambebea uzito. Wapo pia mbwa ambao kamba yenyewe ndiyo inayowatibua. Wakikutana na mwenzao wakiwa wamefungwa hawawezi kukwepa wala kuzunguka, basi hubweka na kuvutana. Wakiwa huru, wengi wao hunusana kidogo na kila mmoja akashika njia yake.

Na wanaosema "mwache nyumbani" wajiulize nyumbani ni wapi kwa mtu aliye likizo. Ni chumba cha kupanga ambacho mbwa hakijui, atakamobweka mchana kutwa na kuwakera majirani, au ni ndani ya gari. Gari lililofungwa hupata joto la hatari kwa dakika chache tu, hata siku ambayo nje hakuna joto kali, na kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Kwa hiyo sheria inayomfukuza mbwa ufukweni saa zote, msimu wote, inaweza kumsukuma mtu kwenye uamuzi mbaya zaidi.

Kwa upande wa pili, hoja inayosikika kwanza ni ya hofu. Kila aliyewahi kukaa ufukweni ameisikia sauti ya mtu akipaza kwa mbali, "Usiogope, haumi!" huku mbwa akija mbio. Aliyelala juu ya taulo hana njia ya kuthibitisha maneno hayo. Wapo walioumwa utotoni, wapo wenye watoto wachanga, wapo ambao dini yao inawataka waepuke mate ya mbwa. Hawa wote hawajakosea kuja ufukweni, na hakuna anayewajibika kuzoea mnyama wa mtu mwingine ili apumzike. Kwangu mimi hoja hii inatosha kumaliza mjadala kwa saa ambazo ufuo umejaa watu. Haimalizi mjadala saa kumi na mbili asubuhi.

Hoja ya minyoo inahitaji kupekuliwa zaidi, kwa sababu pande zote huitumia vibaya. Ni kweli kwamba kinyesi cha mbwa huweza kubeba mayai ya minyoo ya safura ya wanyama. Penye joto na unyevu mayai hayo huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya siku tano hadi kumi viluwiluwi vyake huwa tayari kupenya ngozi ya mtu anayetembea peku. Hali ikiviruhusu, huweza kukaa mchangani wiki tatu hadi nne. Kwa binadamu huishia chini ya ngozi, vikichora mistari myekundu iliyopindapinda na kuwasha vibaya, mpaka vife au mtu apewe dawa. Lakini tazama ratiba hiyo. Kinyesi kilichookotwa papo hapo hakina nafasi ya kumdhuru mtu kwa njia hii. Hatari ni kile kilichoachwa tangu wiki iliyopita. Na mbwa aliyefungwa kamba anajisaidia sawa na aliye huru. Kwa hiyo minyoo inadai mfuko mkononi na dawa ya minyoo kwa wakati wake. Juu ya kamba inasema jambo moja tu: aliyemwacha mbwa wake apotelee mita mia mbili mbele hawezi kuona alipochuchumaa.

Hoja nzito kuliko zote haiwahusu watu. Ndege wengi wadogo wa ufuoni hutaga katika kishimo kifupi juu kidogo ya pale maji yanapofika, na mayai yao yanafanana na mchanga kiasi kwamba hata anayeyatafuta huweza kuyakanyaga. Mbwa hahitaji kuuma chochote. Akipita karibu, mzazi huruka na kuyaacha mayai wazi kwa jua, upepo na kunguru. Wapo na ndege wahamiaji wanaotua ufukweni ili wale na kunenepa kabla ya kuvuka maelfu ya kilomita. Kila wanaporushwa wanachoma mafuta waliyokuja kuyatafuta. Penye viota vya kasa, pua inayonusa na makucha yanayochimba hufikia mayai yanayohitaji karibu miezi miwili kuanguliwa.

Hapa watetezi wa kamba hupenda kujipongeza mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka misitu ya pembezoni mwa Sydney, Australia, ulionyesha kwamba mahali palipopitishwa mbwa aina za ndege zilipungua kwa asilimia 35 na idadi yao kwa asilimia 41, nao mbwa hao walikuwa wamefungwa kamba. Ule ulikuwa msitu, si ufuo, lakini unatosha kutikisa imani kwamba kamba peke yake inatibu kila kitu. Kwa upande mwingine, huko Coal Oil Point, California, tangu mwaka 2001 eneo la ndege lilizungushiwa kamba, wakawekwa watu wa kujitolea kuzungumza na wapita njia, na mbwa wakatakiwa kufungwa. Ndege waliokuwa wameacha kuzaliana hapo kwa miaka mingi walianza kuangua tena, na ufuo haukufungwa kwa watu. Ukiweka mambo haya mawili pamoja, unaona kwamba kilicholeta matokeo ni umbali kati ya ndege na mbwa. Kamba ni njia mojawapo ya kuulinda umbali huo.

Sasa turudi kwa mgeni. Mwaka 2009 mbwa kadhaa walikufa baada ya kufika fukwe za Ghuba ya Hauraki, karibu na Auckland, New Zealand. Chanzo kiligundulika kuwa konokono wa bahari wasio na gamba waliosukumwa ufukweni na maji, wenye sumu ile ile inayopatikana kwa samaki bunju. Habari zilipoenea wenyeji walijua la kufanya. Mtu aliyetoka mbali kwa mapumziko ya siku tatu angejuaje? Kila ufuo una mambo yake ya namna hiyo: ndoana zenye chambo zilizoachwa karibu na miamba, yavuyavu waliokufa lakini bado wanawasha, mkondo unaovuta kuelekea baharini upande mmoja tu, maji yanayojaa na kufunga njia ya kurudi. Mbwa asiyewahi kuiona bahari hata hajui kwamba maji haya hayanyweki. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mbwa anayerushiwa mpira majini humeza kidogo kila anapoudaka. Akimeza kidogo, ataharisha. Akimeza mengi, hutapika, huyumba na huweza kupata degedege, na hapo ni kumkimbiza kwa daktari wa wanyama bila kungoja.

Na akivutwa na mkondo, mwenyewe humfuata. RNLI, shirika la uokoaji baharini la Uingereza, limekuwa likiwaonya watu wasiingie majini kumfuata mbwa, bali watembee hadi mahali anapoweza kutokea, wamwite, na waite waokoaji. Onyo hilo halitolewi bure: mara nyingi mbwa hutoka mwenyewe na aliyemfuata akakwama.

Ndiyo maana siridhiki na swali la kamba au uhuru likiulizwa hivyo hivyo, bila saa wala msimu. Huko Uingereza fukwe nyingi huzuia mbwa kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 na kuwaruhusu miezi iliyobaki. Nyingine hukata ufuo vipande, au huwaruhusu asubuhi na jioni tu. Utaratibu huu una kasoro. Mbwa wote hurundikana kwenye kipande kimoja, na mara nyingi kibao cha sheria kimesimikwa kwenye maegesho makuu huku mgeni akiingia kwa njia ya nyuma. Hata hivyo unamtendea haki mwenye mbwa kuliko marufuku ya jumla, na unamtendea haki mwenye hofu kuliko ufuo usio na sheria.

Mgeni ninamshauri kamba ndefu, ile ya mita kumi hivi, angalau siku za mwanzo. Inampa mbwa nafasi ya kunusa na kulowana bila kumwachia uamuzi wa kukimbiza kundi la ndege. Wapo watakaosema mbwa wao huitika akiitwa, nami nawaamini, ila aliitika kwenye uwanja anaoujua, bila mawimbi kuzima sauti ya anayeita. Kamba ndefu nayo ina kero zake. Hunasa miguu ya watu, kwa hiyo haifai penye msongamano, na isifungwe shingoni bali kwenye mkanda wa kifuani, maana mbwa aliyekimbia mita kumi na kukatizwa ghafla huweza kuumia shingo. Ndani ya maji isiachwe ikiburuta, kwa sababu hunasa kwenye mawe.