Petabaiti za Mhamasishaji

Wiki hii kuna klipu imezunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp, hadi lile la michango ya harusi. Mhamasishaji kavaa suti ya bluu, anawafokea vijana: "Ubongo wako una petabaiti nzima! Unafelije?" Petabaiti ni kipimo cha kuhifadhi data, kama gigabaiti milioni moja hivi. Ukumbi mzima makofi. Mimi nikanuna, kwa sababu utafiti alioudonoa hapo naupenda sana.

Namba hiyo inatokana na kazi ya Kristen Harris wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, pamoja na Tom Bartol na Terry Sejnowski wa taasisi ya utafiti ya Salk, iliyochapishwa 2015. Mama huyu anachungulia sinapsi, yaani maungio ambapo seli za neva hupashana ishara, kwa hadubini ya elektroni tangu miaka ya 1980. Ubongo wa panya unakatwa vipande vyembamba vya nanomita 50 hivi, kila kipande kinapigwa picha, halafu mipaka ya kila seli inafuatwa picha baada ya picha mpaka umbo lake lijitokeze. Jasho lote hilo, na unachopata ni kijipande cha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kisichoonekana kwa macho.

Lakini humo walikuta nini! Kuna nyakati akzoni moja (uzi wa seli ya neva unaopeleka ishara) huigusa dendraiti ileile (tawi la seli linalopokea ishara) mara mbili, kwenye vichomozo viwili tofauti, yaani vijinundu vilivyochomoza kwenye tawi hilo. Ina maana sinapsi hizo mbili zimepokea ishara zilezile, maisha yao yote pamoja. Wakapima vichwa vya vichomozo hivyo, wakakuta vinapishana kwa asilimia 8 tu kwa wastani. Nane! Na kwenye kijipande hichohicho, sinapsi kubwa kuliko zote inaizidi ndogo kuliko zote mara 60 hivi. Kwa hiyo ukubwa ule si wa bahati nasibu. Yaliyopita kwenye sinapsi ndiyo yanayouchonga. Kwa usahihi huo wakakadiria ngazi 26 za ukubwa, yaani biti 4.7 za taarifa kwa kila sinapsi. Makofi yalitakiwa yapigwe hapo.

Haya, nakiri kwa shingo upande: taarifa ya Salk kwa wanahabari nayo iliitaja petabaiti. Lakini hayo ni makadirio yaliyokuzwa kutoka kwenye tone la ubongo wa panya, si nafasi tupu aliyopewa mtoto wa kidato cha nne akaacha kuijaza kwa uvivu. Na kama darasani kwake kitabu kimoja kinasomwa na watu watano, sinapsi zinahusikaje?

Hata vichomozo vyenyewe vilipiganiwa. Santiago Ramón y Cajal, mtafiti wa ubongo wa Hispania, alipoviona kwenye ubongo wa ndege mwaka 1888, wapo waliomwambia ni uchafu wa dawa ya kutilia rangi tu. Mzee akabishana nao miaka, akiwa na hadubini ya kawaida na kalamu ya kuchorea.

Semina auze tu, biashara ni yake. Ila kabla ya kumtukana mtoto wa watu kwa namba ya Harris, asome walau kurasa mbili za ile makala. Inapatikana bure mtandaoni.