Makao Makuu Juu ya Mkokoteni

Chama cha wakutubi si chama cha mali. Tawi letu la Mombasa lilikuwa na muhuri, ufunguo wa sanduku la posta, makasha arubaini ya vitabu na kabati la kadi lenye droo kumi na tano. Mwenye nyumba wa Mji wa Kale alipotupandishia kodi mara ya pili katika mwaka mmoja, vyote hivyo vikawa viteremke kutoka orofa ya tatu, viende Ganjoni, tulikopewa chumba cha bure. Katibu nilikuwa mimi. Kuhama ni kazi ya katibu. Ya mwenyekiti ni kutia watu moyo.

Na mzee wetu alijua kutia moyo. Kila tukifukuzwa alitusomea nasaba ya wenzetu, vyama vya wakutubi vya ng'ambo. "Wamarekani wameanza Philadelphia mwaka 1876. Miaka thelathini hawana ofisi, makao makuu yamo mkobani mwa katibu. Wakajaribu Boston. Mwaka 1909 wakaenda Chicago, wakahifadhiwa bure ndani ya maktaba ya mji. Baadaye wakaingia jumba la tajiri barabara ya Huron, wakalivunja, wakajenga jingine. Je, wamekufa?" Hawajafa, na 2020 wamehama tena, wako Michigan Avenue, papo hapo Chicago. Ukimwambia wale wana pesa, anakurukia na shirikisho la dunia la vyama vya maktaba: limezaliwa Edinburgh mwaka 1927, tangu 1971 limesajiliwa Uholanzi, na limekaa The Hague ndani ya Maktaba ya Kifalme. "Shirikisho la dunia nzima, yakhe, na linaishi kwa watu!"

Vichochoro vya kule haviingii lori, kwa hivyo tulikodi mkokoteni na mahamali wawili kwa safari tatu. Vitabu nilivifunga kama inavyotakiwa. Mita moja ya rafu iliyojaa hufika kilo thelathini na ushei, basi usichukue kasha kubwa. Chukua la ukubwa wa katoni ya sabuni, lisipite kilo kumi na tano. Kitabu kilale ubapa au kisimame kwa mgongo wake. Ukikigeuza mgongo juu, karatasi zinaning'inia kwa uzito wao na gundi inaachia, na kwa unyevu wa pwani gundi hiyo ishachoka zamani. Namba ya kasha iandikwe ubavuni, pande mbili. Ukiandika juu, kasha la pili likishapandishwa hujui tena la chini lina nini.

Yote hayo niliyafanya. Kasha namba moja nikalitia muhuri, bisibisi, daftari la wanachama na ufunguo wa chumba kipya, nikaandika kwa herufi za kuonekana toka Likoni: FUNGUA KWANZA. Hamali mmoja akasoma neno moja, "kwanza", akalipakia kwanza. Likawa chini kabisa, mbele kabisa, na makasha kumi na matatu juu yake. Kinachohitajika mwanzo hupakiwa mwisho. Hilo nililijua, ila nililijua kimoyomoyo tu.

Lakini msiba wenyewe ulikuwa kabati. Kabati la kadi halibebwi na droo zake: kadi arubaini hukaa katika sentimita moja, droo ikijaa ni kadi elfu na kitu, na kumi na tano kwa pamoja zinang'oa viungio na kuvunja viuno. Nikazichomoa, sawa. Nikaziandika namba kwa chaki, si sawa. Jasho la kiganja kimoja latosha kufuta tano. Kisha nikaona fito zimeshika kutu. Kila droo ina ufito wa chuma unaopita katika tundu la chini la kila kadi na kukazwa kwa mbele, ndio unaozuia kadi zisitoke. Hewa ya chumvi ilikuwa imezila. Nikasema, maadamu tunahama, nizitoe nizisugue. Nikazifunga zote kumi na tano kwa mpira, nikazitia mfuko wa koti, nikajiona fundi.

Safari ya kwanza, mwezi wa sita, kusi limekolea. Tulipofika Ngomeni, pale uwazi unapotazama bahari, gurudumu la kushoto likaingia mtaroni. Mkokoteni ukainama taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerukuu. Droo sita zikateleza. Hazikuvunjika hata moja. Zilimimina tu.

Kadi ni za sentimita saba na nusu kwa kumi na mbili na nusu, nyepesi, na kusi halikuzihurumia. Watoto wakazikimbilia kama tiara. Mzee mmoja wa barazani akaokota moja, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti ya khatibu: "'Kilimo cha minazi. Kurasa 64. Picha.' Mwanangu, kiko wapi hiki?" Nikamwambia juu ya mkokoteni, kasha la thelathini na moja. "Basi nishushie."

"Maalim," hamali akanong'ona, "hii mali yenu haina kamba?"

Nilipapasa mfuko wa koti. Fito zikalia kwa ndani, cheng'e cheng'e.

Mwenyekiti tulimkuta Ganjoni mlangoni, kavaa kanzu ya sherehe, na mlango umefungwa. Ufunguo? Kasha la kwanza. Tukateremsha vyote juani kulifikia.

Kupanga upya kulichukua wiki tano. Elfu saba hazipangwi kwa mkupuo: kwanza unazigawa kwa herufi ya mwanzo tu, mafungu ishirini na kitu sakafuni, madirisha yamefungwa, ndipo unapanga ndani ya kila fungu. Fungu la A likatushinda. Katika mji huu nusu ya waandishi ni Al- fulani. Sisi tulikuwa na mazoea ya kuiruka hiyo Al- na kupanga kwa jina linalofuata. Wasaidizi, vijana wema wa kujitolea, hawakuambiwa. Fungu likafika urefu wa mkono wangu. Nao "bin" wakawatia wote kwenye B, ukoo mmoja usio na baba.

Kadi hamsini na tatu hazikuonekana tena. Moja niliipata baada ya miezi, kwa muuza kahawa karibu na Ngomeni. Bao lake lilikuwa na mguu mfupi, na chini ya mguu imekunjwa mara nne kadi yetu, namba 020, ukutubi. Nikamwomba anirudishie, ni mali ya chama. Akatikisa bao, likatulia tuli.

"Hamia nyingine, Maalim," akasema, akinimiminia kikombe. "Hii ishapata makao."